Kununua sarafu za zamani za dhahabu: kuanzia pauni hadi tembo wa Tabora

Kabla hujatoa hela, amua kwanza: unanunua dhahabu au unanunua sarafu? Hizo ni bei mbili tofauti. Pauni, yaani sarafu ya dhahabu ya Uingereza (sovereign), ya Mfalme George wa Tano ya mwaka 1912 inauzwa karibu na bei ya dhahabu iliyomo. Rupia 15 ya Tabora ya mwaka 1916, sarafu ya Wajerumani yenye picha ya tembo, ina dhahabu pungufu kuliko pauni hiyo, lakini huuzwa kwa mara kadhaa ya thamani ya dhahabu yake. Asiyejua tofauti hii hulipa bei ya historia akapewa madini matupu, au huuza historia kwa bei ya kuyeyusha. Hilo la pili ndilo linalouma zaidi, kwa sababu sarafu ikishaingia kwenye chungu cha sonara hairudi tena.

Anza na pauni. Ilipigwa kwa mamilioni, vipimo vyake vinajulikana, na siku ukitaka kuiuza hutakosa mnunuzi, uwe Mombasa, Muscat au London. Uzito wake ni gramu 7.98, kipenyo milimita 22.05, unene karibu milimita 1.52, karati 22. Dhahabu safi ndani yake ni gramu 7.32. Chukua bei ya aunsi ya siku hiyo, gawanya kwa 31.1035 upate bei ya gramu moja, kisha zidisha kwa 7.32. Ukiuziwa chini sana ya hapo, usifurahi haraka. Uliza kwa nini. Ukiambiwa bei ya juu sana, muuzaji akuonyeshe ni mwaka gani au alama gani inayoipandisha.

Vifaa ni vichache: mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo na unene), sumaku yenye nguvu, na lenzi ya kukuza mara 10. Sumaku ikivuta, biashara imekwisha. Isipovuta, bado hujajua kitu, kwani shaba, risasi na fedha pia hazivutwi. Mizani na kalipa vitumike pamoja. Kipande cha shaba njano chenye kipenyo na unene wa pauni hakifiki hata gramu 4, kwa hiyo mghushi hulazimika kuongeza unene ili apate uzito, na hapo kalipa inamuumbua. Kupungua kidogo ni kawaida: sheria ya Uingereza iliruhusu pauni iliyochakaa ipokelewe hadi gramu 7.94. Ikishuka hadi 7.8, ama imekatwa, ama imesuguliwa, ama si pauni.

Kipimo cha maji ndicho kinachostahili muda wako, maana kinapima sarafu nzima bila kuikwaruza.

1. Pima sarafu ikiwa kavu, andika uzito.
2. Weka kikombe chepesi cha maji juu ya mizani, kisha irudishe kwenye sifuri.
3. Funga sarafu kwa uzi mwembamba wa kushonea, uizamishe yote bila kugusa chini wala pembeni. Tikisa uzi taratibu ili viputo vya hewa vitoke.
4. Soma mizani. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo.

Pauni halali huonyesha takriban 0.45 au 0.46 ndani ya maji, yaani densiti (uzito wa kila sentimita moja ya ujazo) ya kama gramu 17.5. Fedha iliyopakwa dhahabu itakupa 10 na kitu, risasi 11. Kosa la gramu 0.01 tu hubadilisha jibu kwa karibu asilimia 2, kwa hiyo rudia mara tatu uchukue wastani. Wanaokosea hapa, wengi wao wameacha kiputo kimoja chini ya sarafu au wametumia uzi mnene.

Sonara akikwambia aikwaruze kwenye jiwe na kuitia asidi, kataa. Mkwaruzo ni hasara ya kudumu kwa sarafu ya kukusanya. Mashine ya eksirei ya kupimia karati haiharibu, ila inasoma ngozi ya juu tu. Itumie kuthibitisha kipimo cha maji, isiwe badala yake.

Kuna bandia zinazopita vipimo vyote hivyo. Miaka ya 1950 na 1960 mafundi wa Beirut walipiga pauni kwa dhahabu ya kweli. Uzito uko sawa, karati iko sawa au inakaribia. Hapo inabaki lenzi. Tazama herufi: za kiwanda zina kingo kali zinazopanda wima kutoka kwenye uwanja (sehemu tambarare ya sarafu), za bandia ni laini kama sabuni iliyotumika, na mara nyingi kuna vinundu vidogo au vishimo visivyo vya kuchakaa. Angalia meno ya ukingoni kama yana nafasi sawa.

Mwaka 1917 uangalie kwa makini zaidi. Pauni ya 1917 iliyopigwa London ni adimu na bei yake ni kubwa, ilhali za mwaka huohuo kutoka Sydney, Melbourne, Perth na Ottawa ni za kawaida. Zinatofautiana kwa herufi ndogo moja tu, S, M, P au C, iliyo kwenye mstari wa ardhi chini ya farasi wa Mtakatifu George, juu kidogo ya katikati ya tarehe. London haina herufi. Basi kuna watu wanaoikwangua. Elekeza taa kutoka ubavuni na utazame mahali hapo: mstari uliobonyea, uwanja unaong'aa tofauti na jirani yake, au mikwaruzo inayokwenda upande mmoja, hiyo ni London ya kutengenezwa.

Pwani yetu kuna jambo jingine: pauni nyingi zimewahi kuwa kidani au hereni. Zungusha sarafu polepole ukitazama ukingo, hasa juu ya kichwa cha mfalme au malkia. Kikonyo cha kuning'inizia kikiondolewa huacha doa la lehemu lenye rangi tofauti na meno yaliyofutika kwa milimita 2 au 3. Sarafu hiyo bado ni dhahabu na inafaa kununuliwa, lakini kwa bei ya dhahabu.

Sasa Tabora. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofunga njia za bahari, Wajerumani walipiga rupia 15 katika karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitoka 16,198 tu kabla Wabelgiji hawajautwaa mji Septemba 1916. Upande mmoja kuna tembo mbele ya mlima, mwaka 1916 na herufi T. Upande wa pili tai wa dola. Kuna aina mbili: ncha ya pambo la kulia huishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA (sarafu 6,395) au chini ya A inayofuata (9,803). Uzito ni takriban gramu 7.17, dhahabu asilimia 75, kwa hiyo densiti iwe kati ya 15 na 15.7. Ukipata 17 au 19, ni nakala ya dhahabu bora kuliko ya asili, na bado ni nakala.

Usichanganye na heller 20 ya Tabora ya mwaka huohuo, sarafu ya thamani ndogo ya Wajerumani haohao. Ile ni ya shaba njano au shaba nyekundu, ina taji na haina tembo. Wanaoiita dhahabu kwa sababu ya rangi na mwaka wapo. Na mtu akija na rupia "inayovuta mchele", ule utapeli wa sarafu inayodaiwa kuvuta punje za mchele kwa nguvu za ajabu, ondoka hata kabla hujatoa mizani.

Sarafu zilizochimbwa ardhini ni habari nyingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa nchini kabla ya 1863, na sarafu za masultani wa Kilwa zimo. Usinunue. Ikitolewa pale ilipolala bila wataalamu, tunapoteza habari yote ya tabaka la udongo lililoizunguka.

Kwa Tabora au sarafu yoyote ya bei kubwa, nunua iliyokwisha kukaguliwa na PCGS au NGC, kampuni za Marekani za kuthibitisha sarafu, na kufungwa kwenye kasha lao. Ingiza namba ya kasha kwenye tovuti yao, kisha linganisha picha na sarafu, mkwaruzo kwa mkwaruzo, maana makasha nayo hughushiwa. Mnadani, ongeza kamisheni ya mnunuzi, mara nyingi asilimia 20 au zaidi, pamoja na usafiri wenye bima na ushuru, kabla hujataja kikomo chako.

Ikifika nyumbani, usiisafishe: si kwa dawa ya meno, si kwa ndimu, si kwa kitambaa. Wekundu wa shaba uliojitokeza kwenye Tabora ni sehemu ya umri wake. Ishike ukingoni, iweke kwenye kapsuli ngumu ya akriliki yenye kipenyo chake, si mifuko laini ya plastiki ya PVC inayoacha utelezi wa kijani. Piga picha pande zote mbili pamoja na ukingo, andika uzito, densiti, tarehe na bei, na risiti uihifadhi mbali na sarafu yenyewe.