Badiliko la dakika za mwisho: jaribu kulitoa kabla hujaliingiza

Wenzangu wa Kampala mnaotoa app za malipo, mtu akileta badiliko wakati toleo liko karibu kutoka, msiulize ni dogo au kubwa, ulizeni linatoka vipi. Fungua branchi ya pembeni (nakala ya msimbo wa app ya kujaribia), unganisha yote yaliyochelewa, halafu toa hilo moja tu kwa git revert, amri ya Git inayotengua badiliko moja (kama ni merge komiti, yaani inayounganisha branchi mbili, ongeza -m 1) na uendeshe majaribio. Likitoka bila konflikti (kugongana na mistari ya mabadiliko mengine) na majaribio yakapita, liingie, likigoma maana yake mengine yameshalishikilia, basi lingoje toleo lijalo hata bosi akinuna.

Udogo unadanganya sana jamani. Mstari mmoja tu kwenye seva unaoshusha taimauti (muda wa kusubiri jibu) ya mobile money toka sekunde 60 hadi 10, app inasema malipo yamefeli kumbe mteja bado anaandika PIN, anajaribu tena, anakatwa mara mbili, na hizo ni pesa za mtu. Lakini ukiweza kuutoa peke yake, unazima moto haraka.

Ila njia hii haisaidii kwenye databesi, ukishafuta kolamu (safu ya data) revert inarudisha msimbo tu, data hairudi. Na app ya Android ikishafika kwenye simu za watu huwezi kuinyofoa, itabidi utoe toleo jipya lenye namba kubwa zaidi, na wengi huku wanabana bando hawa-update leo wala kesho. Hayo mawili mi siyapokei mwishoni, labda liwe la kuziba tundu la usalama.