Aljebra kwa bei ya korosho: kuelewa mtajo, kuweka namba na kurahisisha

Nafundisha tuisheni ya hesabu hapa Mtwara mjini, madogo wa darasa la saba na form one, na kuna kitu kinaniuma kila mwaka. Mtoto anapiga chenji kichwani dukani bila kalamu, ila ukimwandikia 5k + 3 ubaoni anaganda. Muulize k ni nini, atakwambia kalamu, au korosho. Tuanzie hapo hapo.

Hatua ya 1: herufi ni namba, sio kitu

Tuseme k ni bei ya kilo moja ya korosho. Narudia, bei, sio korosho yenyewe. Mkulima wa Tandahimba ameshapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kilo zake anazijua, ni 80, lakini mnada bado kwahiyo bei haijulikani, basi sisi tunaishikia nafasi kwa k na hesabu inaendelea. Pesa yake ni 80k, yaani 80 mara k, ile alama ya mara huwa haiandikwi. Kama kila kilo inakatwa shilingi m, anabaki na 80(k − m). Huo ndo mtajo. Hauna alama ya sawasawa, na jibu la namba hutalipata mpaka upewe k na m.

Hatua ya 2: weka namba

Chukua k = 3,000 na m = 200, ni za mfano tu. Anza na mabano: 3,000 − 200 = 2,800, halafu 80 × 2,800 = 224,000. Aliyesahau mabano akaandika 80k − m anapata 239,800, maana amekata makato ya kilo moja tu kati ya kilo 80.

MAGAZIJUTO wote tumeimba, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ila jamani hii sehemu inawaponza wengi sana: kujumlisha hakutangulii kutoa! Hizo mbili zina cheo kimoja, unaenda nazo kutoka kushoto kwenda kulia. 10 − 4 + 3 ni 9. Ukianza na 4 + 3 utapata 3, na umekosa. Gawanya na zidisha nazo ni hivyo hivyo.

Hatua ya 3: kusanya zinazofanana

5k + 3k = 8k, kwasababu bei ile ile umeichukua mara 5 kisha mara 3. Lakini 5k + 3 sio 8k, inabaki kama ilivyo. Ukiwa na shaka usibishane na mtu, weka namba ndogo: k = 2 inakupa 13 upande mmoja na 16 upande wa pili, kwahiyo haziko sawa. Mi kipimo hiki nawafundisha siku ya kwanza kabisa maana kwenye mtihani hakuna wa kumuuliza.

Na k² usiichanganye na 2k. Mikorosho inashauriwa kupandwa mita 12 kwa 12, sasa kiite hicho kipimo s, eneo la mti mmoja ni s² yaani 12 × 12 = 144, wakati 2s ni 24 tu.

Hatua ya 4: alama ya kutoa mbele ya mabano

Hapa nenda taratibu. Una 10,000, umeenda sokoni, samaki anauzwa x, muuzaji kakupunguzia 500. Chenji yako ni 10,000 − (x − 500). Wengi wanafungua mabano hivi: 10,000 − x − 500. Sasa fikiria mwenyewe, umepunguziwa bei halafu chenji ipungue? Ile 500 inabaki mfukoni kwako, kwahiyo alama inageuka kuwa jumlisha: 10,000 − x + 500, yaani 10,500 − x. Jaribu x = 4,000. Mtajo wa mwanzo unatoa 10,000 − 3,500 = 6,500, na wa mwisho 10,500 − 4,000 = 6,500. Ile ya makosa inatoa 5,500, umejidhulumu elfu nzima.

Fanya hii sasa hivi kwenye daftari: rahisisha 7k − 2(k − 3) + 4. Ukipata 5k + 10 uko sawa. Ukipata 5k − 2 ujue alama ya ile 3 hukuigeuza, rudi hatua ya 4 umnunue yule samaki tena.