Umeshindwa ubunge Tanzania: kazi ya siku 30 za mwanzo

Anza na fomu, hasira zisubiri. Usiku uleule wa kura kusanya kwa mawakala wako wa vituoni nakala za 21B, fomu ya matokeo ya ubunge ya kituo, kabla hawajatawanyika Mbagala na Gongo la Mboto. Kila moja ipige picha mwangani: nakala ya chini huwa hafifu, na 3 ikisomeka 8 umekwama. Angalia jina la kituo, saini ya msimamizi na ya wakala wako. Wakala aliyeondoka kabla ya kusaini (njaa, mara nyingi, mpelekee chakula) ni pengo lisilozibika. Kisha jumlisha kata kwa kata, ulinganishe na 24B, fomu ya majumuisho ya matokeo ya ubunge ya jimbo.

Tofauti ikizidi kura ulizoachwa, muone wakili. Kesi hufunguliwa Mahakama Kuu ndani ya siku 30 tangu matokeo yatangazwe. Tenga dhamana ya gharama, fedha za kuweka mahakamani kufidia gharama za upande wa pili ukishindwa kesi: baada ya uchaguzi wa 2015 ukomo ulikuwa shilingi milioni 5 kwa kila mjibu maombi (unayemshtaki), na Mwanasheria Mkuu pamoja na msimamizi wa uchaguzi huhesabiwa humo.

Tofauti haizidi kura ulizoachwa? Lipa mawakala, wenye spika na bajaji, bandua mabango.