SOMO: Umetundika AED ukutani? Bado hujamaliza, isajili na usajili uendane na ilipo

Jamani naandika hii mara moja ili nikiulizwa tena niwe naweka linki tu. Swali ni lile lile kila wiki: "tumenunua mashine ya kushtua moyo, tumeiweka ukutani, kuna kingine?" Kipo, na ndicho kinachoamua kama ile mashine itamfikia mtu au itabaki pambo la ukuta.

Kwa asiyeijua, AED ni difibrileta ndogo ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia, unabandika pedi mbili kifuani inasoma umeme wa moyo na ikikuta moyo unatetemeka badala ya kupiga inatoa shoti, na muda wote inaongea inakwambia fanya hiki fanya kile. Moyo ukisimama ghafla na hakuna anayefanya kitu, nafasi ya mtu kupona inashuka asilimia 7 mpaka 10 kila dakika. Kila dakika. Shikilia hiyo namba ukisoma yaliyobaki.

Nasimamia usalama wa majengo, haya ndiyo nafanya kila siku.

HATUA YA 1: Jua sheria ya ulipo iko kundi gani

Kundi la kwanza linalazimisha. Ufaransa ilipitisha sheria Juni 2018 na amri yake ya Desemba mwaka huo ikapanga zamu: majengo makubwa yanayopokea watu yawe na mashine ifikapo Januari 2020, yanayofuata Januari 2021, na baadhi ya yale madogo Januari 2022. Manitoba kule Kanada walitangulia, maeneo yaliyotajwa kwenye sheria yao yalitakiwa kuwa nayo kufikia mwisho wa Januari 2014. Jimbo la South Australia lilipitisha sheria yake 2022, majengo ya serikali yakapewa mpaka Januari 2025 na ya watu binafsi Januari 2026.

Kundi la pili halilazimishi kila jengo, linachofanya ni kumkinga anayeweka na anayetumia asije kushtakiwa. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 2000 iko hivyo, halafu kila jimbo lina yake juu. Kundi la tatu ni la hiari, kama Uingereza ambako maeneo mengi ya umma hayalazimishwi ila kuna rejesta ya taifa, yaani orodha ya AED na mahali zilipo, inaitwa The Circuit, na vituo vya simu za dharura vinaitumia kumwelekeza mpiga simu.

Usikopi sheria ya nchi ya jirani kisa lugha ni moja. Soma ya kwako, uliza kituo chako cha dharura.

HATUA YA 2: Nunua mashine yenye kibali cha mamlaka ya vifaa tiba ya nchi yako. Basi.

HATUA YA 3: Chagua mahali

Tembea haraka kutoka kona ya mbali kabisa ya jengo mpaka kwenye mashine na urudi, ikizidi dakika 3 umeiweka vibaya au unahitaji ya pili. Iwe inaonekana, kibao cha kijani chenye moyo mweupe na alama ya radi juu yake, na vibao vingine vya mshale kwenye korido. Usiiweke kwenye jua kali wala sehemu yenye baridi ya kuganda, mashine nyingi zinataka joto kati ya nyuzi 0 na 50 na pedi zinakauka mapema zikichomwa na jua.

HATUA YA 4: Sajili. Hapa soma polepole

Hapa ndipo nilikosea mimi kwa hiyo nisameheni nikiandika sana.

Mashine yetu ya kwanza ilikaa mapokezi, ukuta wa kulia ukiingia. Nikaisajili siku ile ile, nikaweka anwani, picha, namba yangu, nikapata meseji ya kuthibitisha nikaona kazi imeisha. Miezi kadhaa baadaye mapokezi yakafanyiwa ukarabati, mafundi wakaomba tuihamishe kidogo tukaipeleka ghorofa ya kwanza karibu na lifti, ukarabati ukaisha na ikabaki huko huko. Mimi kwenye akili yangu ilikuwa imeshasajiliwa. Siku moja mzee mmoja akaanguka kwenye maegesho, aliyepiga simu akaambiwa na mpokea simu kwamba kuna mashine jengo la jirani, mapokezi, ukuta wa kulia. Kijana akakimbia akafika akakuta matundu ya skrubu. Akazunguka, akauliza, aliyekuwa zamu mapokezi alikuwa mgeni hajui chochote, mpaka mfanya usafi akasema ipo juu. Yule mzee alipona kwa sababu watu wawili walikuwa wanapokezana kukandamiza kifua chake muda wote huo bila kuacha. Yule kijana alikuja kuniuliza kwa nini mashine haikuwa pale alipoelekezwa, na sikuwa na jibu la kumpa. Mpaka leo nikipita pale namkumbuka.

Baadaye nikasoma ile sheria ya Marekani ya 2000 vizuri nikaona wameliwaza jambo hili hili. Inamkinga mwenye mashine, lakini kinga inaweza kumtoka kama madhara yametokea kwa sababu hakuwaarifu watu wa dharura wa eneo lake mashine imewekwa wapi, na wanasema mahali pa MWISHO ilipowekwa. Anwani ya kwanza uliyotoa haikusaidii kama umeshahama. Kinga inaweza kumtoka pia kama hakuitunza na kuipima.

Kwa hiyo haya yote yashike:

– Kusajili dhamana kwa mtengenezaji HAKUHESABIKI. Ile ni ili wakupate mashine ikiwa na hitilafu. Mpokea simu wa dharura haioni. Unatakiwa kwenye rejesta ambayo kituo cha dharura kinaisoma.

– Andika mahali kwa maneno ya mtu anayekimbia. "Jengo B" halimsaidii mgeni. Andika "mlango wa mbele, panda ngazi za kushoto, ghorofa ya kwanza, ukuta unaotazamana na lifti".

– Saa ziwe za kweli. Jengo linafungwa jioni halafu umejaza saa 24, unamtuma mtu usiku kwenye mlango uliofungwa wakati angeweza kwenda kwingine.

– Mashine ikihama, hata kwa siku chache za ukarabati, hata ikienda matengenezo, badilisha rejesta siku hiyo hiyo. Ikitumika iweke "haipo" mpaka ipate pedi mpya.

– Weka simu za watu wawili. Mtu mmoja anaacha kazi na mashine inabaki yatima.

HATUA YA 5: Teua mkaguzi kwa jina. Kila wiki aangalie taa ya kijani, kila mwezi tarehe za pedi na betri. Pedi zinakaa kama miaka 2 hadi 4 hivi, hata kama hazijafunguliwa zinaisha muda, gundi inakauka.

HATUA YA 6: Fundisha watu, wengi kadri utakavyoweza, na walinzi wawe wa kwanza kwa sababu ndio wanabaki jengo likifungwa.

HATUA YA 7: Ikishatumika badilisha pedi, iachie hospitali kumbukumbu zilizomo kama wanazihitaji, irudishe, badilisha rejesta. Imeisha.

Maswali hapa chini, ila tafadhali soma kwanza.

---

kibatari_88: Somo zuri mkuu. Kwa kifupi lazima nisajili au sio lazima?

Mwandishi: Hatua ya 1.

kibatari_88: Nimeiona lakini ni ndefu, we nambie tu ndio au hapana

Mwandishi: Hujasema uko nchi gani wala jengo la aina gani, nitajibuje? Hata pale ambapo sheria hailazimishi, sajili. Mashine ambayo mpokea simu haijui ni ya kwenu wenyewe tu, wa barabarani hatafaidika nayo.

mama_wawili: Samahani naomba kuuliza labda ni swali la kijinga, nasimamia ukumbi na naogopa sana mtu wangu akimshtua mtu ambaye moyo wake ni mzima tu kazimia. Si tutamuua? Na sisi ndio tutashtakiwa?

Mwandishi: Sio la kijinga dada, ndilo linalowafanya watu wengi wasiiguse mashine. Uamuzi wa shoti sio wa mtu wako, ni wa mashine. Inasoma kwanza, na kama moyo unapiga kawaida inakataa, hata ukibonyeza kitufe haitoi kitu. Hata kama moyo umenyamaza kabisa inakataa pia na inakwambia endelea kukandamiza kifua. Kuhusu kushtakiwa, Ufaransa tangu 2007 mtu yeyote hata asiye na mafunzo anaruhusiwa kuitumia, na 2020 wakaongeza sheria ya kumlinda raia anayeokoa. Japani waliruhusu raia wa kawaida Julai 2004. Tafuta kifungu cha kwenu kinachofanana na hicho, uki-print ukibandike ndani ya ofisi ya ukumbi, utaona watu wako wanavyopata moyo. Mtu aliyeanguka haitikii na hapumui vizuri, hapo umeshafika mahali pabaya kuliko pote, mashine haiwezi kumpeleka pabaya zaidi.

mama_wawili: Asante sana kaka nimeelewa kabisa. Naprint leo.

Chuma_Kizito: Yangu nimeifungia kwenye kabati la kufuli, ufunguo ninao mimi. Wezi wengi. Nimeshasajili so niko poa

Mwandishi: Hauko poa. Ukiwa umelala ufunguo uko wapi?

Chuma_Kizito: Sasa wakiiba itamsaidia nani? Unaongea tu hujui mazingira yetu

Mwandishi: Nayajua, nimeibiwa mimi pia. Kuna kabati zenye king'ora mlango ukifunguliwa na zipo zenye namba za siri, Uingereza mpokea simu anampa mpiga simu ile namba papo hapo kwa sababu imeandikwa kwenye rejesta. Kama lazima ufunge tumia hiyo, na hakikisha namba iliyopo rejestani ndiyo iliyopo kwenye kabati. Ufunguo wa mtu mmoja hapana, nakwambia kwa kukutakia mema.

mwanafunzi_wa_ramani: Mimi nasomea mambo ya ramani. Kwa nini rejesta zisitumie kodineti tu, zile namba za latitudo na longitudo, badala ya maelezo marefu? Simu yoyote inatoa kodineti.

Mwandishi: Swali nimelipenda. Kodineti zinatumika, rejesta ya taifa ya Ufaransa inaitwa GéoDAE inataka kodineti, na data yake iko wazi unaweza kuishusha ukachezea nayo kwenye masomo yako. Shida ni kwamba kodineti inakuleta kwenye paa la jengo, haikwambii ghorofa. Jengo la ghorofa 12 lina nukta moja kwenye ramani. Ndio maana wanauliza pia ipo ndani au nje, ghorofa ya ngapi, siku na saa za kuingia. Na nukta yenyewe watu wanaiweka wakiwa wamekaa mezani ofisini, mashine iko upande mwingine wa uwanja. Kasimame mbele ya mashine ndio uchukue kodineti. Kama una muda chora njia ya kutembea kutoka mlangoni halafu pima umbali wa kweli, ule wa mstari mnyoofu unadanganya sana. Singapore wana programu ya simu ya kikosi cha zimamoto inaitwa myResponder, inamwita mtu aliye karibu na mgonjwa na kumwonyesha AED zilizopo karibu, iangalie utapata mawazo mengi.

mwanafunzi_wa_ramani: Duh hiyo ya paa sikuiwaza kabisa. Kuna ushahidi kwamba kuziweka maeneo ya umma kunafanya kazi, au ni imani tu?

Mwandishi: Upo. Viwanja vya ndege vya Chicago walianza 1999, ndani ya miaka 2 watu 21 mioyo ilisimama wakiwa pale, 18 kati yao moyo ulikuwa kwenye ule mtetemo unaoshtulika, na 11 wakapona. Wengi wa waliowahudumia walikuwa wapita njia tu. Na utafiti wa kasino za Marekani uliochapishwa 2000, waliopata shoti ndani ya dakika 3 tangu waanguke asilimia 74 walipona, waliochelewa zaidi ya hapo 49. Dakika 3 ya kwenye hatua ya 3 sikuitoa hewani.

Bwana_Ratiba: Unatutisha na sheria kumbe watu wanataka kusaidia tu, mwisho tutaacha kununua

Mwandishi: Sijamtisha mtu, nimeeleza. Fomu inajazwa kwa dakika 10. Ukiacha kununua kwa sababu ya dakika 10 za fomu hapo sina la kukushauri.

nesi_wa_zamu: Niongeze kidogo kama mnaruhusu, ndani ya kabati wekeni mkasi, wembe na taulo ndogo. Kifua kikiwa na maji au nywele nyingi pedi hazishiki.

Mwandishi: Asante nesi, ni kweli kabisa ilitakiwa iwepo juu. Ongeza na glavu.

nesi_wa_zamu: Na jingine, wanawake. Watu wanaogopa kumvua mwanamke nguo hadharani wanabandika pedi juu ya nguo au hawabandiki kabisa. Pedi lazima ziguse ngozi, moja kifuani juu upande wa kulia chini ya mtulinga (ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega), nyingine ubavuni kushoto chini ya kwapa. Sidiria ikizuia ikate.

mama_wawili: Hapo kwenye ukumbi wangu ingekuwa shida kweli, watu wangesimama tu wanaangalia

nesi_wa_zamu: Wafundishe wasimame duara wamempa mgongo mgonjwa, wawe ukuta. Mimi nimefanya hivyo barabarani, inachukua sekunde chache na hakuna anayeona kitu. Na mtoto mdogo chini ya miaka 8 tumia pedi za watoto au kitufe cha mtoto kama kipo, kama havipo tumia za wakubwa, moja kifuani moja mgongoni zisigusane.

kibatari_88: Mkuu nimesoma yote sasa. Tunahamia jengo jipya mwezi ujao, nisajili sasa hivi huku au nisubiri tufike kule?

Mwandishi: Sasa umeuliza vizuri. Sajili hapo ilipo leo. Siku ya kuhama ibebe kwa mkono wako, usiiache ipakiwe kwenye lori na makabati, na kabla hujafungua boksi lolote jipya itundike na ubadilishe rejesta ukiwa umesimama mbele yake. Mwezi mzima ni muda mrefu sana kwa mashine kutojulikana ilipo.