Kijana wa besiboli: namna ninavyompima

Mimi huanza na daftari, televisheni baadaye. Siku klabu ya ligi kuu ya Marekani inapomchagua kijana, kwenye zamu ya kila mwaka ambapo klabu huchagua wachezaji wapya mmoja baada ya mwingine, naandika umri wake, amechaguliwa wa ngapi, na tuliahidiwa nini: mbio, upigaji wa gongo au mkono wa kurusha. Miaka ikipita sisi mashabiki huongeza chumvi.

Usimhukumu kwa msimu wa kwanza. Mike Trout alipoingia ligi kuu mwaka 2011 akiwa na miaka 19, wastani wake wa kupiga ulikuwa .220 katika mechi 40, yaani alifaulu kama mara 22 katika kila majaribio 100 ya kupiga. Ningekuwa kocha, ningemfungasha virago. Mwaka uliofuata alipata .326 na kuiba vituo 49, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila kungoja mpira upigwe. Na huyo alichaguliwa wa 25!

Hapa Minneapolis anayetugombanisha ni Byron Buxton wa klabu yetu, chaguo la 2 mwaka 2012. Shemeji yangu humwita hasara. Hasara gani, shemeji? Mwaka 2017 alitwaa Gold Glove, tuzo ya wadakaji bora wa ligi. Kinachomrudisha nyuma ni majeraha, ndiyo maana daftari langu lina safu mbili: ubora wake akiwa uwanjani, na idadi ya mechi alizocheza. Ukizichanganya utamwonea.

Kisha mlinganishe na waliochaguliwa karibu naye. Mark Appel, mrushaji, chaguo la 1 mwaka 2013, alifika ligi kuu 2022 akiwa na miaka 30. Kris Bryant, aliyechaguliwa baada yake, alikuwa ameshatwaa ubingwa wa ligi na klabu yake mwaka 2016. Kwa Appel niliandika "hakufikia", ingawa siku aliyorusha mara ya kwanza nilisimama sebuleni nikampigia makofi.