Jinsi ya kuomba huduma za kazi kwa mhamiaji asiyeona nchini Marekani

Kila jimbo la Marekani lina ofisi ya serikali inayowasaidia watu wenye ulemavu kupata kazi. Huitwa Vocational Rehabilitation, na watu wameizoea kwa herufi mbili tu, VR. Hapa hutolewi chakula wala kodi ya nyumba. Wanalipia mafunzo, vifaa, masomo, mkalimani na hata nauli ya kwenda mafunzoni, mradi lengo liwe kumfikisha mtu kazini. Uraia si sharti: mkimbizi, aliyepewa hifadhi na mwenye kadi ya kijani wote wanaruhusiwa, maadamu wana haki ya kufanya kazi. Shirika linalompokea mkimbizi hushughulika zaidi na siku zake 90 za mwanzo, kwa hiyo ombi hili mara nyingi huangukia mikononi mwa familia au jamaa wa kanisani au msikitini.

Anza kwa kujua mlango ni upi

Majimbo kadhaa, yakiwemo Iowa, New York, Massachusetts na Minnesota, yana ofisi ya wasioona peke yao, mbali na VR ya watu wote. Ukiingia ofisi isiyo yako utahamishwa, na wiki zinapotea bure. Piga simu kwanza uulize kama jimbo lina ofisi ya wasioona.

Katika simu hiyohiyo omba mkalimani wa Kiswahili. Mteja hamlipi. Taja pia ni Kiswahili cha wapi: mtu wa Uvira au Fizi, mashariki mwa Kongo, akipewa mkalimani wa Dar es Salaam wataelewana kwa salamu, lakini kwenye maelezo ya mkataba watapotezana. Kama lugha yake hasa ni Kibembe au Kinyamulenge, sema hivyo. Usimfanye mtoto kuwa mkalimani wa baba yake; kuna maswali ya afya, fedha na historia ya vita ambayo baba hatayajibu mbele ya mtoto, na mshauri wa VR anayeshughulikia faili lake ataandika kwamba mteja hakutaka kujibu.

Makaratasi

Beba I-94 (hati ya kuingia nchini) au kadi ya kijani, kibali cha kazi kama kipo, namba ya Social Security, kitambulisho cha jimbo, na ripoti ya daktari wa macho. Kama hana ripoti, usisubiri: VR inaweza kulipia kipimo chenyewe.

Ripoti hiyo iwe na namba. Kisheria, kipofu ni mtu ambaye jicho lake lililo bora, hata kwa miwani, halizidi 20/200 (yaani anaona kwa futi 20 kile ambacho wengine hukiona kwa futi 200), au upana wa uoni wake hauzidi nyuzi 20. Barua inayosema tu "haoni vizuri" itarudishwa. Anayeona kidogo naye aombe, kwa kuwa VR haiwahudumii wasioona kabisa peke yao.

Kikwazo cha kawaida ni jina. Mkongomani mmoja anaweza kuwa na jina la kwanza mwisho kwenye I-94, na mwanzo kwenye kadi ya bima. Andika kwenye fomu kama lilivyo kwenye I-94, kisha umwonyeshe mshauri tofauti hizo siku ya kwanza, asije akafungua mafaili mawili.

Anayepokea SSI, fedha za kila mwezi za serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, kwa sababu ya upofu apeleke barua yake. Huyo huhesabiwa kuwa amestahili bila uchunguzi mrefu.

Sahihi ni ya mwenyewe

Hapa ndugu hukosea kwa nia njema: wanamtilia sahihi. Upofu haumwondolei mtu mzima haki ya kusaini. Chukua kadi ngumu, kata tundu refu jembamba, uiweke juu ya mstari. Atasaini ndani ya tundu. Asiyejua kuandika huweka alama mbele ya shahidi. Kabla ya hapo asomewe fomu yote kwa Kiswahili, siyo muhtasari.

Tarehe hiyo iandike. Ombi likishakamilika, ofisi ina siku 60 kuamua kama anastahili, na haiongezi muda bila makubaliano naye. Lakini hesabu haianzi siku mliyopiga simu. Inaanza fomu ikiwa imesainiwa na taarifa walizoomba zimefika. Karatasi moja ikikosekana, mtangoja huku saa yenyewe haijaanza kutembea.

Akikubaliwa, zinafuata siku 90 za kuandika mpango wa kazi. Baadhi ya majimbo yana foleni, na wenye ulemavu mzito hutangulizwa.

Mpango wa kazi, na hapa msiharakishe

Mpango huu, unaoitwa IPE, ndio unaoamua VR italipia nini. Kisichoandikwa humo hakilipiwi. Mshauri akisikia Kiingereza cha mteja ni kidogo, huelekea kuandika kazi ya kufungasha au kufua, halafu faili linafungwa: sheria inaruhusu kulifunga mtu akishakaa kazini siku 90. Mteja ana haki ya kuchagua lengo lake, na ya kupata nakala ya mpango kwa lugha yake kadiri inavyowezekana.

Ombeni yaandikwe mafunzo ya kutembea kwa fimbo nyeupe, nukta nundu (Braille), kompyuta yenye programu ya kusoma skrini, kazi za nyumbani, na Kiingereza. Darasa la kawaida la Kiingereza kwa wageni hutegemea picha na ubao. Asiyeona atakaa pale miezi akisikia wenzake wakicheka. Mpango utaje mwalimu atakayetumia vitu vya kushikwa mkononi. Mafunzo ya fimbo nayo yanataka mkalimani aliyepo, siyo wa simu: mwalimu anasema "hapa", mkalimani wa mbali anatafsiri "hapa", na mwanafunzi hajui ni wapi.

Aliyesoma nukta nundu za Kiswahili au Kifaransa aseme. Za Kiingereza zina vifupisho vingi, na bila kusema hivyo atapimwa kama asiyejua kusoma.

Kuna pia vituo vya kuishi na kujifunza, kama vya Ruston (Louisiana), Littleton (Colorado) na Minneapolis. Mafunzo huchukua miezi 6 hadi 9, na hata wanaoona kidogo hufunikwa macho. Kwa maoni yetu, aliyepoteza macho ukubwani ni afadhali apitie huko kwanza kuliko kukimbilia kazi.

Mtu akiwashauri kuhusu vibanda vya biashara vya wasioona katika majengo ya serikali kuu, chini ya sheria ya Randolph-Sheppard ya 1936, ni nafasi nzuri, lakini hiyo inataka uraia.

Wakikataa ombi au huduma, dai barua yenye sababu. Kila jimbo lina Client Assistance Program, inayomtetea mteja bure dhidi ya VR. Nendeni kabla ya tarehe ya mwisho ya rufaa iliyo kwenye barua.

Yanayoweza kuombwa wiki hiyohiyo

Usafiri wa mlango kwa mlango kwa wenye ulemavu wasioweza kutumia basi la kawaida, paratransit, hupatikana ndani ya robo tatu ya maili kutoka njia ya basi. Ombi likikamilika na siku 21 zikapita bila jibu, lazima wampe usafiri hadi waamue. Chama cha wasioona, National Federation of the Blind, hutoa fimbo nyeupe bure, moja kila miezi sita. NVDA, programu ya kusoma skrini, ni bure na ina sauti ya Kiswahili, japo inaongea kama mashine.

Anayefanya kazi huku akipokea SSI kwa upofu atunze risiti za nauli, chakula cha kazini na makato ya kodi. Huondolewa wanapohesabu kipato chake. Mkimbizi ambaye hajawa raia ana kikomo cha miaka 7 cha SSI, hivyo ombi la uraia lisicheleweshwe.

Mama au baba mwenye miaka 55 na zaidi asiyetafuta kazi asiambiwe hana pa kwenda. Kuna mpango wa wazee wasioona katika kila jimbo, na mara nyingi unaombwa kwenye dirisha lilelile.