Jinsi ya Kusafiri Juu ya Ziwa Lililoganda Lenye Theluji Nene Unapokwenda Kuvua Samaki

Mtu anayekwenda kuvua samaki kupitia tundu la barafu hushughulikia mapema ndoano, chambo na kekee ya kutobolea, kisha huichukulia safari ya kutoka ufukoni hadi mahali pa kuvulia kuwa jambo dogo. Theluji ikiwa haba hapati taabu kubwa, kwa kuwa barafu hupitika kwa miguu na mzigo huteleza bila kuvutwa kwa nguvu. Theluji inapofika magotini, safari ya kilomita moja inaweza kumaliza nguvu za mtu mzima mwenye afya kabla hajatoboa tundu la kwanza, na chini ya theluji hiyo hujificha maji ambayo hakuyatarajia. Mwongozo huu unahusu safari hiyo, na ushauri wake mkuu ni kwamba msafiri atengeneze njia kwanza, aiache igande, ndipo apitishe mzigo.

Theluji inavyoathiri barafu

Theluji huathiri barafu kwa namna mbili, na zote mbili hazimfai mvuvi. Kwanza, hulifunika ziwa kama blanketi na kuzuia joto la maji lisipotee hewani, kwa hiyo barafu iliyo chini ya theluji nene hukua polepole sana. Ziwa lililopata theluji nyingi mapema linaweza kuwa na barafu nyembamba kuliko ziwa la jirani ambalo upepo umelifagia, ingawa baridi ni ileile.

Pili, theluji ina uzito. Barafu huelea kwa sababu mita moja ya ujazo ya barafu ina uzito wa takribani kilo 917, ilhali maji ya ujazo huohuo yana kilo 1,000. Tofauti hiyo ni ndogo, na maana yake ni kwamba barafu yenye unene wa sentimita 30 huweza kubeba takribani kilo 25 tu za theluji kwa kila mita ya mraba kabla uso wake haujashuka hadi usawa wa maji. Theluji mpya na nyepesi, yenye uzito wa kilo 100 kwa mita ya ujazo, hufikia kiwango hicho ikiwa na kina cha sentimita 25. Ikizidi hapo, maji husukumwa juu kupitia nyufa na matundu ya zamani, huilowanisha theluji ya chini na kuigeuza kuwa rojo. Rojo hilo halionekani kwa juu, na kwa kuwa limefunikwa vizuri, linaweza kukaa siku nyingi bila kuganda hata wakati baridi ya nje imeshuka chini ya nyuzi 20 hasi.

Kukutana na rojo hakumaanishi kwamba barafu iko karibu kuvunjika, na si lazima kuogopa kila mara mguu unapozama katika maji ya kifundoni. Hata hivyo, rojo hulowanisha buti, huganda chini ya sleji (chombo cha kuburutia mzigo juu ya theluji) na skii (mbao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni ili kuteleza) mara tu linapoguswa na hewa, na ndilo linalokwamisha watu wengi zaidi kuliko kina cha theluji chenyewe.

Kupima kabla ya kuamini

Miongozo inayotumika sana Amerika ya Kaskazini hutaka angalau sentimita 10 za barafu mpya, ngumu na angavu kwa mtu anayetembea kwa miguu, na kati ya sentimita 13 na 18 kwa pikipiki ya theluji, yaani mashine ya kupandwa inayosukumwa na mkanda mpana unaozunguka chini yake. Vipimo hivyo ni vya barafu angavu pekee. Barafu nyeupe, ambayo hutokana na rojo lililoganda, ina takribani nusu ya nguvu hiyo, na katika ziwa lenye theluji nyingi ndiyo itakayokuwa tabaka la juu karibu kila mahali. Kwa hiyo chungulia ndani ya tundu uone matabaka yake: ukikuta sentimita 8 nyeupe juu ya sentimita 8 angavu, zihesabu kuwa sentimita 12, si 16. Tabaka lililotenganishwa na lenzake kwa maji usilihesabu kabisa.

Ili kupima, sukuma theluji kando, piga barafu kwa mtaimbo mara kadhaa mbele yako kabla ya kukanyaga, kisha toboa kwa kekee kila baada ya mita 50 hivi. Toboa mara nyingi zaidi unapokaribia mahali ambapo mto unaingia au kutoka, mlango mwembamba unaounganisha sehemu mbili za ziwa, chemchemi, matete, nguzo za gati, na matuta yanayotokea pale vipande vya barafu vinaposukumana. Katika ziwa lisilo na theluji, sehemu hizo hujionyesha kwa rangi yake, lakini theluji hufanya zote zifanane. Nyayo za watu waliopita jana zinakuonyesha tu kwamba jana walipita.

Tundu lilelile linakupa habari nyingine ambayo wengi hawaitazami. Maji yakitulia chini kidogo ya uso wa barafu, mzigo wa theluji ni mdogo. Yakifika usawa wa uso, au yakifurika na kumwagika nje, ujue kwamba barafu imelemewa na kwamba rojo liko karibu, kama si chini ya miguu yako tayari. Katika hali hiyo ni busara kubadili njia mapema, kuelekea upande ambako upepo umepunguza theluji. Mzunguko wa mita 300 kwenye theluji ya kifundoni huchosha kidogo kuliko mita 100 za theluji ya magotini juu ya rojo.

Kutembea na kuvuta mzigo

Msafiri wa miguu ana vifaa viwili vya kuchagua: skii, au viatu vipana vya theluji vinavyofungwa chini ya buti. Vyote hufanya kazi moja, yaani kutandaza uzito wa mwili ili usizame. Kwa maoni yangu, skii ndefu na pana hufaa zaidi katika ziwa kubwa lililo wazi, kwa sababu huteleza na kwa sababu urefu wake huupita ukanda mwembamba wa rojo kabla hazijazama. Viatu vipana hufaa kwa safari fupi, kwa mzigo mzito, na kwa mtu ambaye hajazoea skii. Unapovinunua, angalia uzito wako pamoja na nguo na mkoba, si uzito wa mwili peke yake. Skii zikigusa rojo, simama mara moja kwenye theluji kavu na uzikwangue kwa kipande cha plastiki ngumu, kwa maana ukiendelea hata dakika chache, safu ya barafu itashika chini yake na kila hatua itabeba theluji.

Sleji inayofaa ni ndefu, nyembamba, yenye kuta za juu na tumbo laini la plastiki. Wembamba ndio sifa muhimu kuliko zote, kwa sababu sleji pana kuliko njia uliyoikanyaga hulima theluji pande zote mbili, na hapo unavuta theluji badala ya kuvuta vifaa. Panga vitu vizito chini, nyuma kidogo ya katikati, ili pua ya sleji ipande juu, kisha ufunike mzigo kwa turubai na kuufunga. Vuta kwa mkanda wa kiunoni, wala si kwa mikono, na mkanda huo uwe na kifungo cha kufyatuka kwa mkono mmoja, hata ukiwa na glovu. Kuhusu wingi wa mzigo, nashauri bila kusita kwamba ubebe nusu ya ulichokusudia. Kekee moja, kiti kidogo, koleo, fimbo mbili za kuvulia na hema jepesi vinatosha kwa siku nzima ya uvuvi.

Njia yenyewe ndiyo kazi kubwa. Siku ya kwanza, au saa kadhaa kabla ya kuvua, pita bila mzigo kutoka ufukoni hadi mahali palipochaguliwa, kisha urudi juu ya nyayo zako mara moja au mbili, ukiweka hatua karibukaribu. Chembe za theluji iliyoshindiliwa hushikamana na kuwa ngumu kadiri muda unavyopita, na wakati huohuo rojo lililo chini yake hupoteza kifuniko chake na kuanza kuganda. Ukiiacha njia usiku mmoja wa baridi kali, asubuhi utakuta ukanda unaobeba mtu na sleji bila kuzama. Hata upepo ukiufukia kwa theluji mpya, msingi wake mgumu hubaki chini, na unaweza kuutafuta kwa ncha ya fimbo. Kwa sababu hiyo simika fito kando ya njia kila baada ya mita 30 au 40, uinyooshe kadiri inavyowezekana, na usiruhusu kila mwenzako ajitengenezee yake. Wavuvi wanne wakikanyaga njia moja, hupata barabara. Wakikanyaga nne, kila mmoja huzama peke yake.

Kwa pikipiki ya theluji

Mashine hupunguza uchovu lakini huongeza uzito, na ikikwama katikati ya ziwa, mtu mmoja hawezi kuinyanyua kirahisi. Yenye mkanda mrefu na mpana huelea vizuri zaidi kuliko ile iliyotengenezwa kwa mwendo wa kasi. Shika mwendo wa wastani usiobadilika, pinda kwa mduara mkubwa, na unapohisi mashine inakuwa nzito ghafla, ambayo ni dalili ya rojo, usipunguze mafuta wala usikate kona. Endelea mbele mpaka ufike theluji kavu, au zunguka kwa upana na kurudi kwenye alama zako. Kabla ya kusimama, zunguka mara mbili tatu mahali hapohapo ili ushindilie uwanja wa kuegesha, na uiache mashine juu ya vijiti viwili vitatu ili mkanda usigandie chini.

Ikikwama, acha kuongeza mafuta, kwa sababu mkanda unaozunguka bila kusonga huchimba shimo lake lenyewe. Fungua sleji kwanza. Ondoa rojo kwa koleo pande zote, kanyaga theluji ya mbele iwe mteremko mgumu, inua sehemu ya nyuma, jaza theluji kavu chini yake, kisha subiri kwa muda igande. Kusubiri huko huokoa muda, ijapokuwa mtu aliyelowa hataki kuamini hivyo. Sleji inayovutwa na mashine iunganishwe kwa fito ngumu, wala si kamba, ili isije ikakugonga unapopunguza mwendo. Magari ya kawaida yasiingie kabisa kwenye theluji ya namna hii.

Mahali pa kuvulia

Usitoboe matundu kando ya njia yako. Barafu ikiwa imelemewa, maji yatapanda kupitia tundu na kutengeneza rojo jipya palepale ambapo unataka kupita jioni. Toboa hatua kumi au zaidi kutoka njiani, shindilia theluji kwanza kwa miguu, na uzungushe ukuta mdogo wa theluji iliyokanyagwa kuzunguka tundu ili maji yasisambae.

Kujihadhari njiani

Jasho ni adui wa msafiri wa baridi, kwa hiyo anza safari ukihisi ubaridi kidogo, na uvae sufu au kitambaa kinachokauka upesi badala ya pamba. Chukua kipimo cha mwelekeo kwa dira ukiwa bado ufukoni, kwa maana upepo ukiinua theluji, anga na ardhi huwa rangi moja na fito zako hazitaonekani hadi uzifikie. Simu ikae ndani ya nguo karibu na mwili, kwani baridi humaliza betri.

Safirini wawili au zaidi, mkiachana mita 10 hivi, na kila mmoja avae jaketi la kuelea, filimbi, na jozi ya vishikio vya misumari vya kujivutia kwenye barafu, vikiwa shingoni, si ndani ya mkoba. Kamba ndefu ibebwe na yule anayefuata nyuma. Kabla ya kuvuka sehemu yenye shaka, legeza vifungo vya skii au viatu vipana. Gordon Giesbrecht, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada, ameeneza kanuni inayofaa kukumbukwa: mtu aliyetumbukia ana takribani dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo viungo vyake bado vinamtii, na saa 1 hivi kabla ya kupoteza fahamu kwa sababu ya baridi. Kwa hiyo usikurupuke. Fyatua mkanda wa sleji, geukia upande uliotoka, kwa kuwa barafu ya huko ilikubeba, kita misumari, piga miguu kwa nguvu mpaka mwili ulale kifudifudi, jivute, kisha bingirika mbali na ukingo bila kusimama. Mwenzako asikukaribie, alale chini na akutupie kamba.

Panga kuondoka mapema kiasi cha kufika ufukoni kabla ya giza, ukizingatia kwamba kurudi na mzigo uliolowa huchukua muda mrefu kuliko kwenda. Ukifika, kwangua rojo lote kwenye tumbo la sleji, mkanda wa mashine na vifungo vya skii kabla halijaganda, kisha pindua sleji na uiegemeze, ili isiwe imegandia chini utakapoihitaji tena.